Drafti marufuku, dubwi ruksa

Najua nimepotea humu kama wiki tatu hivi. Majaribio yalikuwa mfululizo, na hili baridi la Songea nalo halimruhusu mtu kutoa vidole nje ya blanketi. Leo nimetoka kwenye ukimya kwa sababu ya hasira, kwa hiyo nikipayuka mnivumilie.

Ni lile tangazo. Mnaokaa hosteli mmeshalisoma, wa kupanga mtaani niwape kwa kifupi. Kuanzia Jumatatu ni marufuku kucheza karata, bao, drafti "na michezo mingine ya kamari" katika eneo lote la hosteli, na vifaa vitakavyokutwa vitachukuliwa. Na vimechukuliwa kweli. Jumanne jioni ubao wa drafti wa Bloku B, ule wa mbao ya kitanda kilichovunjika, ulibebwa mchana kweupe na vizibo vyake 24 ndani ya ndoo. Jamani, vizibo! Vya soda! Mtu mzima amepita koridoni na ndoo ya vizibo kama vile kakamata meno ya tembo.

Sasa toka nje ya geti, hesabu hatua kama mia moja. Kuna duka, mbele ya duka kuna madubwi mawili. Kwa wasiolijua jina hili (sijui mnaishi Tanzania gani), dubwi ni ile mashine ya kamari ya kutumbukiza sarafu, yenye taa za rangi na picha zinazozunguka. Yanalia kuanzia asubuhi mpaka duka linafungwa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inasema asiye na miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari, lakini mimi nimeona kwa macho yangu mtoto wa kaptura ya shule ya msingi amepanda juu ya kreti la soda ili afikie tundu la sarafu. Kreti hilo nani kamwekea? Hakuna aliyekuja na ndoo kulibeba dubwi.

Niseme mapema kwamba najua tangazo limetoka wapi, manake mtaniambia namtetea mhuni. Muhula uliopita kuna mshikaji wa mwaka wa pili, simtaji na msimtaje, bumu lilipoingia alikaa nalo siku nne tu. Siku nne! Ada alikuwa anadaiwa, chumba cha nje anadaiwa, mama ntilie anadaiwa. Mtihani hakufanya kwa kuwa hakumaliza ada, na sasa yuko kwao. Hela yote ilipita kwenye tundu la sarafu. Watu wa hosteli wakachukizwa, na walikuwa na haki ya kuchukizwa. Kikao kikakaa, wakajiuliza tatizo ni nini, wakajibu: michezo. Hapo ndipo walipopotea njia. Yule bwana hakuwahi kukaa kwenye ubao wa drafti hata dakika moja. Laiti angekaa! Angekuwa bado yuko na sisi, ana deni la soda mbili.

Wenzangu wa ualimu, mnakumbuka somo la saikolojia ya elimu? Skinner na njiwa wake? Tulimkariri kwa ajili ya mtihani tukamsahau getini. Skinner alimweka mnyama ndani ya kisanduku chenye kitu cha kubonyeza. Akibonyeza, chakula kinatoka. Ukimpa chakula kila anapobonyeza, siku ukiacha kumpa naye ataacha upesi, anaelewa kimekwisha. Lakini ukimpa kwa kubahatisha, leo baada ya mara tatu, kesho baada ya mara ishirini, halafu baada ya mara mbili, huyo atabonyeza kama kichaa, na hata ukiacha kabisa kumpa ataendelea kwa muda mrefu. Na Skinner mwenyewe, kwenye kitabu chake cha mwaka 1953, mfano aliotumia kuonyesha jambo hili kwa binadamu ni mashine za kamari. Kwa hiyo dubwi la pale dukani ni kisanduku cha Skinner kilichopakwa rangi nyekundu, na njiwa ni sisi wenye shahada tarajiwa.

Tupige na hesabu kidogo, hata watu wa Kiswahili na Historia mtaielewa. Tuseme, ni mfano tu, dubwi linarudisha shilingi 80 katika kila 100 linazokula. Unaingia na 10,000, yaani sarafu 50 za mia mbili mbili. Ukizipitisha zote unabaki na 8,000. Unafurahi, mbona nimepoteza kidogo tu! Unazirudisha zote: 6,400. Tena: 5,120. Tena: 4,096. Mara ya tano huna hata 3,300. Katikati ya hapo ulishasikia sarafu zikimwagika chini mara kumi na zaidi, kwa hiyo kichwani mwako umekuwa ukishinda jioni nzima. Na kesho ukija ukiwa na uzoefu wa jana, hesabu ni ile ile. Keshokutwa ni ile ile. Ukiwa profesa ni ile ile. Hakuna bingwa wa dubwi hapa Songea, wala hatatokea.

Na hilo kwangu ndilo jambo lenyewe. Kitu ambacho huwezi kukiweza zaidi leo kuliko jana, mimi sikiiti mchezo.

Ubishi huu si wa kwetu peke yetu, wala haukuanza leo. Kuna mchezo unaitwa pinboli. Wengi mnaujua bila kujua kwamba mnaujua: zile kompyuta kuukuu za Windows XP, tulizozikuta sekondari na kwenye vibanda vya stesheni, zilikuwa na gemu la Space Cadet, kimpira cha chuma kinarukaruka angani, wewe unakipiga na vibawa viwili chini kisidumbukie. Ile ni picha tu. Mashine yenyewe ni meza ya kioo yenye miguu minne, imeinama kidogo kuja kwako, ndani kuna vikwazo, taa na kengele, na mpira wa chuma wa kweli. Unatumbukiza sarafu, unacheza mpaka mipira yako iishe.

Mwaka 1942 meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliipiga marufuku. Alisema ni kamari, inawala watoto hela za chakula cha mchana. Polisi wakazikusanya, na picha zipo za meya mwenyewe ameshika nyundo kubwa anazivunjavunja. Marufuku ile ilidumu miaka zaidi ya thelathini.

Sasa niwashangaze. Mimi naona La Guardia mwaka ule hakuwa mbali na ukweli! Pinboli ya wakati huo haikuwa na vibawa. Ulikuwa unaurusha mpira juu kwa springi, halafu unasimama unautazama ukishuka unakotaka wenyewe, labda uisukume meza kidogo kwa nyonga. Vibawa vilikuja mwaka 1947, kampuni ya Gottlieb ilipotoa mashine iitwayo Humpty Dumpty. Kuanzia hapo mpira ukishuka unaweza kuukamata, kuutuliza, kuulenga upande unaoutaka. Mchezaji akapata mkono. Lakini sheria ya New York haikuona hilo, ikaendelea kukataza pinboli yenye mkono kwa dhambi za pinboli isiyo na mkono.

Ikafika mwaka 1976. Kijana mmoja mwandishi wa habari, Roger Sharpe, akaitwa mbele ya madiwani wa New York aonyeshe kama kweli ule ni mchezo wa ujuzi. Akacheza. Bado wana mashaka. Akawaambia: sasa nitaurusha mpira, utapita njia ya katikati pale juu. Akavuta springi, akaachia, mpira ukapita katikati. Marufuku ikaondolewa mwaka huo huo. (Mwenyewe baadaye alikiri kwamba siku ile bahati nayo ilimbeba. Raha ya historia hiyo!) Hata hivyo alichokifanya kina maana. Alitangaza kwanza, akapiga baadaye. Kabla ya kukataza, hilo ndilo la kuuliza: anayecheza anaweza kutangaza anachokwenda kufanya, halafu akakifanya mara nyingi kuliko asiyejua?

Ulipime dubwi kwa swali hilo. Mwambie fundi wa dubwi atangaze kitakachotoka. Atakuambia "leo naisikia inataka kutema", hiyo ndiyo sayansi yake yote.

Halafu upime bao. Mzee anayejua bao anaangalia mashimo 32 na kete 64, anakaa kimya, anakuambia "umekwisha", na wewe bado una kete tele mbele yako huoni umekwishaje. Anatembeza, anakula, anazungusha, anapita nyumba, anakula tena, ukija kuangalia safu yako ya mbele haina kitu. Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alikaa na mabingwa wa bao Zanzibar akiwachunguza wanavyofikiri, na mwaka 1995 akapata udaktari wake huko Leiden kwa kazi hiyo. Mtu amepewa PhD kwa kuchunguza vichwa vya wazee wetu wa barazani, sisi tunawaweka kapu moja na dubwi! Mwalimu Nyerere naye alikuwa mtu wa bao, picha zake akiwa ameinamia ubao Butiama na wazee wenzake mmeziona. Kwa tangazo hili angekutwa Bloku B wangembebea kete zake.

Drafti vile vile. Kete 12 kila upande, mmoja vizibo vimeangalia juu, mwingine vimeangalia chini, hakuna bahati hata chembe mle. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa, kila kitu kiko wazi mezani. Ukipigwa umepigwa, huna wa kumsingizia. Karata nakubali zina bahati ndani yake, lakini mwenye kukumbuka zilizokwishashuka atakufunga siku saba kwa wiki. Hata vibanda vya PS pale Majengo na Lizaboni, ambavyo wazazi wanavilaani usiku na mchana, yule dogo anayekaa pale kila siku anakufunga tano bila kwa sababu amejifunza, vidole vyake vinajua. Nina ugomvi na vibanda vile kwa mambo mengine (utoro wa shule ni mmoja), ila tusiviite kamari wakati si kamari.

Pool nayo ilipitia haya haya. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwataka wakuu wa mikoa wawabane vijana wanaoshinda kwenye pool saa za kazi. Saa za kazi, sawa. Ila mtaani ikageuka: ukishika fimbo ya pool hata saa kumi na mbili jioni wewe ni mhuni. Na miaka michache tu kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, vyuo vikuu vya nchi hii vilikuwa na mashindano yake ya pool, wanafunzi wanasafiri, wanavaa jezi, wanapewa vikombe. Aliyedhamini ni bia. Hapo ndipo ninapojiuliza sisi watu wa elimu huwa tunakuwa wapi. Tunangoja mchezo udhaminiwe na bia au umezwe na dubwi, halafu tunatoa tangazo.

Mnajua nani ana mashindano ya bao na drafti nchi hii kila mwaka? Watumishi wa serikali! SHIMIWI, ile michezo ya wizara na idara, kuna bao, drafti, karata na vishale, wanaume kwa wanawake. Mwaka 2023 walikuwa Iringa. Maofisa wazima wanalipiwa posho wakapigane bao. Simwonei mtu wivu (namwonea kidogo), ila nielezeni mantiki. Ukiwa mwanafunzi bao ni kamari, ukiajiriwa bao ni afya mahali pa kazi.

Sasa niseme la kwangu, ambalo wakaka wengi hamtalipenda.

Mimi ni mdada na bao nilifundishwa na babu, shimo kwa shimo, tangu nikiwa darasa la nne. Nikienda kijiweni nikakaa kwenye benchi, swali la kwanza: "Dada, unamsubiri nani?" Namsubiri nani? Nasubiri zamu! Nikipewa zamu ni kwa kicheko. Lakini hata tukiacha hilo la udada, utaratibu wenyewe wa kijiwe unaua wanaoanza. Mshindi anabaki, aliyefungwa anainuka. Unajua maana yake? Anayejua anacheza jioni nzima, anazidi kujua. Asiyejua anacheza dakika nne, anasubiri saa nzima, anacheza tena dakika nne na mashairi ya kejeli juu yake. Baada ya wiki mbili anaacha. Kisha tunasema vijana hawapendi michezo ya jadi, wanapenda dubwi. Dubwi halimwinui mtu kwenye kiti! Dubwi halimcheki mtu. Limekukaribisha, limewasha taa, halina foleni, halikuulizi unamsubiri nani. Huyo mshikaji wetu aliyepotelea pale, nina hakika alikuwa mtu mpweke kabla hajawa mcheza kamari. Mtakataa, lakini fikirini alikuwa anakaa na nani jioni.

Hapa ndipo watu wa pinboli wametuzidi akili. Wana mashindano madogo madogo ya mtaani, kwenye mabaa na maholi, na mashindano yao mengi hayana hili la mshindi anabaki. Mtakaa makundi ya watu wanne, mtacheza raundi zote, ukishinda unapandishwa kukutana na walioshinda, ukifungwa unashushwa kukutana na waliofungwa wenzako, lakini kila mtu anacheza idadi ile ile. Yale makubwa yanagawanywa madaraja: wakali kwao, wa kati kwao, wanaoanza kwao, na kila daraja lina zawadi yake. Bibi wa miaka sabini anaanza leo na anapata mechi kumi siku hiyo, na kuna shirikisho lao la kimataifa linaloweka orodha ya wachezaji wote, bingwa wa dunia yumo na yule bibi yumo, namba tu ndiyo tofauti.

Ukiniambia hilo ni la Wazungu nitakukatalia, kwa sababu bao lenyewe lilishaliwaza. Kuna bao la kiswahili na kuna bao la kujifunza. La kiswahili unaanza na kete kumi tu ubaoni, sita kwenye nyumba, mbili na mbili pembeni yake, na 22 zimebaki mkononi unaziingiza moja moja kwa kunamua, na sheria za nyumba zinamtoa jasho hata mhandisi. La kujifunza unaweka mbili mbili kila shimo, hakuna cha mkononi, mnaanza. Yaani walioutunga mchezo huu walijua mtu hawezi kurushwa moja kwa moja kilindini, wakamjengea ngazi. Vygotsky tunamlipia ada atufundishe kwamba mtoto hujifunza vizuri kwenye lile eneo aliloweza kulifikia kwa msaada kidogo tu wa anayejua zaidi. Babu yangu hakumsoma Vygotsky, na hakuwahi kunianzishia bao la kiswahili.

Kwa hiyo tupige hesabu ya pili. Watu nane, bao nne. Kila mmoja akicheza na kila mmoja ni mechi saba kwa kila mtu, 28 jumla, raundi saba. Bao la kujifunza halichukui muda, Jumamosi moja inatosha. Mkiwa 24 mnakuwa na makundi matatu: wakali, wa kati na wanaojifunza. Gharama? Ubao fundi seremala wa Mfaranyaki anachonga, kete ni komwe au hata vijiwe vya mto. Drafti ni kipande cha mbao, chaki, na vizibo (kama havijachukuliwa na ndoo). Hakuna kiingilio, hakuna dau. Soda ya kubetiana pia sitaki, nawajua mlivyo, mnaanza na soda mnamalizia na bumu, halafu mwenye ndoo anapata hoja.

Na makumbusho je? Hili limenikaa moyoni tangu niliposoma habari za majumba ya pinboli. Las Vegas, mji wa kamari wenyewe, mama wa madubwi yote duniani, kuna jumba lililofunguliwa mwaka 2006 lililojaa mashine za pinboli za miaka nenda rudi, na huendi kuzitazama. Unaweka sarafu unacheza. Mashine ya miaka ya 1950 unaishika kwa mikono yako. Budapest kule Hungaria lipo jingine tangu mwaka 2014, lina mashine zaidi ya mia moja, unalipa kiingilio mlangoni halafu unacheza mpaka uchoke. Hawakuona kwamba kitu cha zamani lazima kikae nyuma ya kioo na kikaratasi cha maelezo. Mchezo ukiwekwa nyuma ya kioo umeshakufa, kilichobaki ni ubao.

Sisi tuna Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge. Yale ni mahali pa heshima kubwa, pana kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa na Wajerumani, 67 waliuawa tarehe 27 Februari 1906, na ni pale pale Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja kuomba msamaha tarehe 1 Novemba 2023. Siombi mtu akapige bao juu ya kaburi, msinilishe maneno. Ila kila Februari kwenye kumbukizi kunakuwa na ngoma, lizombe zinapigwa, vyakula vya asili, watu wanatoka wilaya zote, shule zinaletwa kwa mabasi. Mtoto wa Namtumbo au Mbinga anaonyeshwa silaha za mababu, anaonyeshwa sanamu za manduna, anarudi nyumbani. Ukutane naye stendi, kinachomngoja pale ni dubwi. Katika siku zile za kumbukizi, kwenye uwanja wa nje huko kwenye mabanda, ni kitu gani kinashindikana kuweka meza sita za bao na wazee wawili wa kufundisha? Mtoto akae, aweke mbili mbili, atembeze. Wangoni walioshindwa vita wamepewa makumbusho, na wanastahili. Akili waliyoitumia jioni, wakiwa hawapigani na mtu, nayo inastahili meza.

Nimeongea na viongozi wawili wa serikali ya wanafunzi. Mmoja kasema wazo zuri tuliandikie barua. Wa pili kasema, nanukuu maana yake si maneno, kwamba sisi walimu watarajiwa tutaonekanaje tunacheza bao. Kaka, tutaonekana tunacheza bao! Mwaka kesho utakuwa kwenye mazoezi ya kufundisha huko Tunduru, una watoto themanini darasani, mvua inanyesha, bati linalia hata sauti yako huisikii, kitabu kimoja. Utafanya nao nini? Mimi nitachimba mashimo chini ya paa la nje, nitafundisha kujumlisha, kutoa, kugawa na kusubiri zamu kwa kete.

Wengine wanasema michezo inakula muda wa msuli. Inaweza. Tuweke saa, kumi jioni hadi kumi na mbili, mwenye desa lake arudi kwenye desa. Mnaojua hosteli zetu mnajua muda huo watu wanafanya nini: wamelala na simu usoni, na kwenye simu hiyo kuna kubeti. Tangazo halikugusa simu hata kidogo, kwa sababu simu haiingii kwenye ndoo.

Barua nimeshaiandika. Ina mambo mawili tu. Kwanza, tangazo libadilishwe: kinachokatazwa kiwe kuweka dau, kwenye mchezo wowote ule, na vifaa virudishwe. Pili, uongozi wa chuo uende kwa ofisi ya mtaa na kwa mwenye duka kuulizia lile kreti la soda chini ya dubwi. Nahitaji saini 50. Mpaka jioni hii ziko 31, wadada 19, wakaka 12. Wakaka mna nini?

Halafu Jumamosi saa tisa alasiri tunaanza, nje ya geti chini ya mwembe, kwa kuwa nje ya geti tangazo halifiki. Nitakuwa na ubao wa babu, na wa pili ameahidi mzee mmoja wa Bombambili ambaye atakuja mwenyewe kufundisha. Drafti tunahitaji mbao mbili na vizibo 48. Kundi la wanaojifunza ndilo linaanza, wakali mtasubiri kwenye benchi. Mkiulizwa mnamsubiri nani, mjibu.